Kunusurika mshtuko wa moyo si kupona

WAHENGA walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii nimeitumia mara nyingi kuwafariji wengine. Sikujua kuwa siku moja ningeihitaji mimi mwenyewe, nikiwa nimelala chali hospitalini, waya zimebandikwa kifuani, nikisikiliza mashine ikihesabu mapigo ya moyo wangu.

Nilipatwa na mshtuko wa moyo nikiwa na umri wa miaka 52, nyumbani kwangu Kitengela, usiku wa Jumamosi. Nilihisi kifua kimebanwa kana kwamba mtu amekikalia. Jioni hiyo tulikuwa tumekula nyama, basi nikadhani ni kiungulia. Nikameza dawa ya tumbo, nikanywa maziwa, nikangoja. Nilingoja karibu saa tatu nzima. Mke wangu ndiye aliyeona jasho jembamba usoni pangu, akaenda kumgongea jirani mwenye gari. Kungoja huko kulinigharimu sehemu ya moyo ambayo haitarudi tena.

Hata hivyo, msomaji, leo sikusudii kukusimulia usiku ule. Nataka tuzungumze kuhusu siku, miezi na miaka inayoufuata. Huko ndiko wengi wetu tunakopotelea, baada ya madaktari kufanya kazi yao na kuturudisha nyumbani tukiwa hai.

Nilipotoka hospitalini, jamaa na majirani walikuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Mbuzi wawili walichinjwa. Nyama ikachomwa, ikakatwakatwa juu ya ubao, na chumvi ikamiminwa kando kama ilivyo desturi yetu. Kreti za soda zikaletwa. Mgeni mmoja alinichagulia ubavu wenye mafuta, akaniambia, "Kula mzee, urudishe nguvu." Nami nikala. Tulikuwa tukisherehekea uzima kwa vitu vile vile vilivyokuwa vimetaka kuuondoa!

Makosa mawili

Kabla ya kuendelea, ni vyema tufahamu kinachotokea. Moyo ni msuli, na kama msuli wowote ule huhitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo hupitia katika mishipa midogo iliyouzunguka. Kwa miaka mingi, mafuta hujikusanya ndani ya kuta za mishipa hiyo. Siku moja utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda mahali hapo, na mshipa huziba. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo huanza kufa. Ndiyo sababu madaktari husisitiza kuwa kila dakika ina thamani. Sehemu iliyokufa huwa kovu katika muda wa wiki kadhaa, na moyo hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zilizobaki.

Sasa, zingatia jambo hili. Hospitali inaweza kuuzibua mshipa ulioziba kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au kwa kuutanua na kuweka kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Lakini ugonjwa ulioleta mafuta yale haukuwa kwenye mshipa mmoja tu. Umo mwilini mzima. Unarudi nao nyumbani.

Hapa ndipo manusura hufanya moja kati ya makosa mawili. Mimi niliyafanya yote mawili, tena kwa zamu.

Kosa la kwanza ni kujiambia kuwa umepona. Miezi miwili baada ya kutoka hospitalini nilikuwa nikijihisi buheri wa afya. Nilirudi kazini. Dawa zilipokwisha mwezi wa tatu, nilitazama bei yake, nikatazama karo ya watoto, nikaamua kuwa dawa za mtu mzima zinaweza kungoja. Asubuhi moja, nikikimbilia matatu hapo steji ya Kitengela nikiwa na mkoba mzito, kifua kikabana tena. Safari hii sikungoja. Daktari aliyenihudumia alisoma kadi yangu, akanitazama, akasema, "Mzee, kadi hii inasema ulinusurika. Hakuna mahali imeandikwa kuwa umepona."

Maneno hayo sijayasahau hadi leo.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya tukio lile la steji, niliogopa kila kitu. Niliogopa kupanda ngazi. Niliogopa kulala, nisije nikakosa kuamka. Mke wangu alininyang'anya hata kikombe cha chai nisikibebe. Rafiki zangu waliacha kunipigia simu wakidhani sauti zao zitanichosha. Nilikuwa hai, lakini nilikuwa nimegeuka mgonjwa wa kudumu kwa hiari yangu mwenyewe.

Funzo kutoka Kajiado

Aliyenitoa katika kiti hicho hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa Kimaasai ambaye ni mkwe wetu, mwenye boma nje kidogo ya mji wa Kajiado, kiasi cha kilomita 50 kutoka kwangu ukifuata Barabara ya Namanga. Nilikwenda kupumzika kwake. Mzee huyo amepita miaka 75 na bado huwafuata ng'ombe wake kwa miguu. Siku ya tatu aliniuliza, "Daktari alikukataza kutembea?" Nikamjibu la. Akauliza tena, "Basi nani alikukataza?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo tulitembea pamoja hadi kwenye mti mmoja na kurudi, mwendo wa dakika kumi hivi. Kesho yake tukaupita ule mti.

Baadaye nilijifunza kuwa mioyo ya Wamaasai imewahi kuwashangaza wataalamu. Katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwachunguza Wamaasai ambao chakula chao kilikuwa zaidi maziwa na nyama. Alitarajia kukuta maradhi mengi ya moyo, lakini alikuta machache sana. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokuwa wamekufa. Mafuta yalikuwa yamejikusanya katika mishipa yao kama ilivyo kwa wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliamini kuwa sababu moja kubwa ilikuwa ule mwendo wao wa kutwa nzima.

Tafadhali, msomaji, usije ukaichukua habari hii kuwa kibali cha kunywa mafuta ya kondoo! Mzee wa miaka ile hakuwa na gari, hakuvuta sigara pakiti nzima, wala hakuketi ofisini kwa saa tisa. Wewe na mimi tumechukua nyama yake tukaacha mwendo wake.

London nako waligundua jambo kama hilo. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Madereva, walioketi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi. Dereva na utingo wa matatu zetu za Kitengela wangefaa kuisoma habari hiyo.

Na hapa kwetu Kenya kuna ushahidi mwingine. Utafiti ulioongozwa na Neil Poulter na kuchapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijiji vya magharibi mwa nchi kuja kuishi Nairobi. Shinikizo la damu yao lilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika jijini. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikuwa wakila chumvi nyingi kuliko jamaa zao waliobaki nyumbani. Uzito nao ukaongezeka. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni maisha.

Sasa itazame Kitengela yetu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji ambao wengi wetu tunaukumbuka ukiwa malisho. Tumehamia humu kutoka kila pembe ya nchi. Tunaamka saa kumi usiku kuwahi matatu ya Nairobi, tunaketi katika msongamano, tunaketi kazini, tunaketi tena tukirudi. Tukishuka steji tunapanda bodaboda hadi mlangoni. Jumapili tunamalizia kwa nyama choma. Je, ni ajabu mioyo yetu ikilalamika?

Mambo ya kufanya

Haya ninayoyaeleza hapa ni yale niliyofunzwa na madaktari na kuyatenda. Hayachukui mahali pa ushauri wa daktari wako, kwa kuwa yeye ndiye anayejua moyo wako una nguvu kiasi gani.

Kwanza ni dawa. Aghalabu manusura hupewa aspirini, dawa ya kupunguza kolesteroli ya jamii ya statini, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, na dawa ya kuutua moyo mzigo kwa kushusha shinikizo. Nyingi ni za maisha. Aliyewekewa stenti huongezewa dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja. Kuiacha mapema ni hatari kubwa kwa sababu stenti yenyewe inaweza kuziba kwa ghafla. Ikiwa bei inakulemea, usiache dawa kimyakimya kama nilivyofanya. Mwambie daktari wazi. Dawa nyingi kati ya hizi zina aina za bei nafuu zenye nguvu ile ile.

Pili ni kutembea. Nilianza na dakika kumi mahali tambarare, nikaongeza kidogo kidogo kila wiki, hadi nikafika nusu saa, siku tano kwa wiki. Kiasi hicho kinatimiza zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwa wiki. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza ukitembea, lakini ushindwe kuimba. Ukihisi kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama na utafute msaada. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu ni chakula. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ukijumlisha yote iliyo kwenye mkate, mchuzi na viungo vya pakiti. Ile ya kuchovya nyama haimo kabisa katika hesabu hiyo! Nyumbani kwetu tuliondoa kichupa cha chumvi mezani. Tunakula sukuma wiki, managu, kunde, maharagwe, ndengu na samaki. Ugali upo, ila mlima umepungua. Nyama ipo pia, mara moja kwa wiki, isiyo na mafuta. Wiki za kwanza chakula kilikuwa hakina ladha. Baada ya mwezi mmoja hivi ulimi ulizoea, na sasa nikila hotelini naona kila kitu ni chumvi tupu.

Nne ni sigara. Hapa hakuna mjadala. Mtu anayeacha kuvuta baada ya mshtuko wa moyo hupunguza hatari ya kufa kwa karibu theluthi moja. Dawa chache sana zinaweza kufanya hivyo, na hii haiuzwi. Ugoro nao usikudanganye kuwa hauna madhara. Kuhusu pombe na miraa, mwulize daktari wako bila kuficha, kwa maana vyote viwili husumbua mapigo ya moyo.

Tano ni jambo ambalo wanaume hulionea haya na wanawake hulinyamazia: tendo la ndoa. Wengi huliacha kabisa kwa hofu ya kufia kitandani. Kwa kawaida, mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka bila maumivu ya kifua anaweza kurejea chumbani baada ya wiki chache, daktari akiridhia. Jihadhari lakini na vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vinavyouzwa kiholela. Vikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile zinazowekwa chini ya ulimi, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi ukapoteza maisha.

Sita ni moyo ule mwingine, ule usioonekana katika picha za eksirei. Karibu mtu mmoja kati ya watano waliopatwa na mshtuko wa moyo huingia katika huzuni nzito inayostahili matibabu. Mwanamume wa Kiafrika amefunzwa asilie. Matokeo yake ni kuwa hukasirika, hujitenga, huacha dawa. Ukimwona nduguyu hivyo, usimwambie ajikaze kiume. Keti naye, kisha umpeleke kwa mtu wa kumsikiliza. Mimi nilisaidika nilipomweleza mke wangu kuwa naogopa kulala. Kumbe yeye naye alikuwa akikesha akisikiliza pumzi zangu.

Kwa jamaa na majirani

Ninyi mnaoishi na manusura, jueni dalili na muwe na mpango. Maumivu au uzito kifuani unaoenea hadi mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu ya kifua huenda yasiwe makali, wakahisi uchovu usio wa kawaida na kukosa pumzi tu. Msingoje kupambazuke. Aliye na dalili hizi na ambaye hajakatazwa aspirini atafune tembe moja ya miligramu 300 huku mkielekea hospitalini. Nambari ya ambulensi au ya jirani mwenye gari iwe imebandikwa ukutani, ijulikane hata na watoto.

Na mkija kutushukuria Mungu, njooni na matunda. Halafu mtutoe tukatembee.

Kwa serikali ya kaunti

Sasa nitoe maoni yangu. Tunatumia fedha nyingi kumwokoa mtu usiku mmoja, kisha tunamrudisha nyumbani na karatasi iliyojaa maandishi asiyoweza kuyasoma. Katika nchi nyingi tajiri, aliyepatwa na mshtuko wa moyo huingizwa katika mpango wa wiki kadhaa wa mazoezi, mafunzo ya chakula na ushauri. Imethibitishwa kuwa mipango hiyo hupunguza vifo vya maradhi ya moyo na kurudi wodini. Humu nchini huduma hiyo ni adimu, na iliyopo iko zaidi katika hospitali kubwa za jijini.

Naamini haihitaji majumba wala mashine za mamilioni. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado na ile ya kaunti ndogo pale Kitengela zinaweza kutenga asubuhi moja kwa wiki kwa ajili ya manusura wa moyo. Muuguzi mmoja, kipima shinikizo, mizani, mtaalamu wa lishe, na uwanja wa kutembea. Manusura wa zamani wamfunze mgeni. Karatasi ya kutoka hospitalini iandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kimaa kwa anayekihitaji. Barabara zinapojengwa, ziwe na njia za miguu. Daktari akiniambia nitembee, nami nitembee wapi ikiwa upande mmoja kuna lori za saruji na mwingine kuna bodaboda?

Nawe msomaji uliye mzima, usidhani nazungumza na wagonjwa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Nenda ukapimwe wiki hii. Hakikisha pia umesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Sheria iliyoiunda ilianzisha mfuko maalumu wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Uliza mapema unagharimia nini. Swali hilo ni gumu kuulizwa na mtu aliyeshika kifua.

Mimi bado naishi Kitengela. Kila asubuhi natembea nusu saa kabla jua halijakuwa kali, na mke wangu hutembea nami. Nimepunguza kilo 11. Siwezi kufanya kila nilichokifanya zamani, na lile kovu litabaki moyoni hadi nizikwe. Lakini mwezi uliopita nilirudi kwa mkwe wetu kule Kajiado. Tuliondoka bomani tukaupita ule mti, tukafika hadi kwenye kisima wanakonyweshea ng'ombe, na kurudi. Mzee hakusema neno. Alinikabidhi fimbo yake tu, akatangulia.

Koleo langu lilivunjika, msomaji. Uhunzi unaendelea.